Kijiji cha ziwa au mji wa reli? Tupime kabla ya kufunga mizigo



Mwezi huu tunaleta jambo ambalo linazungumzwa karibu kila nyumba, hasa jioni watu wakishakula hicho kidogo kilichopo. Tubaki hapa kambini au tutoke? Na tukitoka, twende wapi?

Sababu ya mazungumzo haya kila mtu anaijua. Mwaka 2023 shirika la chakula WFP lilianza kutugawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kufuatana na uhitaji. Mwaka 2025, fedha zilipopungua sana, karibu watu milioni 1 waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Nyumba nyingi zikabaki na kadi mkononi na sufuria tupu. Ndiyo maana watu wanaongea juu ya kuondoka.

Kwa wale wenye ndugu au marafiki upande wa Kasese, majina mawili yanarudi mara kwa mara. La kwanza ni Kahendero, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa George. La pili ni Kasese yenyewe, mji wa reli na shaba. Na kuna wanaotaja Bwera, kule karibu na mpaka wa Mpondwe.

Mazungumzo ya nyumbani huwa hivi. Baba anasema, "Mama watoto, twende ziwani. Huko ni kimya, kuna samaki, hakuna fujo za mjini." Mama anajibu, "Baba watoto, na huko ziwani tutalima wapi?" Kijana naye anadakia kutoka mlangoni kwamba yeye anataka mji, simu ishike mtandao vizuri na apate kazi. Bibi anauliza hospitali iko wapi. Basi usiku unaisha, hakuna aliyeamua.

Makala hii haiji kuwaamulia. Inaleta mambo ambayo familia inatakiwa kuyaweka mezani kabla ya kuamua. Maana hapa kwetu kosa la kuhama halirudishwi kirahisi. Ukitoka na watoto sita ukakuta mambo siyo, nauli ya kurudi utaitoa wapi?

KAHENDERO: UKIMYA WENYE MASHARTI

Kahendero iko kusini mwa mji wa Kasese. Unashuka barabara kuu hadi Muhokya, halafu unaelekea ziwani. Ukifika unaona mitumbwi, nyavu zimeanikwa, korongo wanasubiri utumbo wa samaki, na watoto wanacheza. Hewa ni nzuri. Magari machache. Aliyetoka kwenye milio ya risasi akifika mahali kama hapo, moyo unatulia. Hilo tusilidharau. Kuna watu ambao dawa yao ya kwanza ni usingizi wa kutosha.

Lakini tuelewe kijiji hiki kimekaa wapi. Kahendero ni kimoja cha vijiji vya wavuvi vilivyomo katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Wenzake ni kama Hamukungu, Kasenyi, Katunguru na Katwe. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954 ikapewa jina la Malkia wa Uingereza. Vijiji vikaachwa ndani yake kama visiwa, na watu wakaruhusiwa kuishi na kuvua. Lakini pori linalowazunguka si lao.

Maana yake nini kwa familia? Kwanza, kulima hakuna. Huwezi kuamka asubuhi ukafyeka kipande nyuma ya nyumba ukapanda mihogo. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kahendero hakuna jembe la kumpa mgeni. Unga, maharage, ndizi, mboga, vyote vinanunuliwa kutoka nje ya kijiji. Sisi ambao tumezoea kwamba hata mambo yakiwa mabaya kuna majani ya mihogo nyuma ya nyumba, hapo tufikiri mara mbili.

Pili, kuni. Samaki anakaushwa kwa moto, ugali unapikwa kwa moto, na miti iko ndani ya hifadhi. Kuingia kuokota kuni bila ruhusa ni kosa, na kutega mnyama ni kosa kubwa zaidi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 ina adhabu kali sana. Mkimbizi akikamatwa kwa ujangili hawezi kujitetea kwamba eti hakujua. Uliza kwanza wenyeji wanapata kuni wapi, siku gani, na kwa utaratibu gani.

Tatu, wanyama wenyewe. Kiboko anatoka majini usiku kwenda kula majani, na njia yake inaweza kupita karibu na nyumba yako. Mamba yuko majini pale mama anapochota maji. Nyati na tembo wanapita. Simba pia wapo: mwezi wa Aprili 2018, simba 11 walikutwa wamekufa karibu na Hamukungu, na ikashukiwa kuwa wametiliwa sumu. Habari hiyo ilifika dunia nzima. Inatuonyesha kwamba kati ya mifugo ya watu na wanyama wa hifadhi kuna ugomvi wa kila siku. Ni kweli, sheria hiyo ya 2019 imeweka mpango wa fidia kwa mtu aliyeumizwa au kuharibiwa mali na mnyama wa pori. Lakini fidia hairudishi mtoto. Familia yenye watoto wadogo iulize hivi: maji tutachota wapi, na saa ngapi?

Nne, ziwa lenyewe. Ziwa George ni pana, kama kilomita za mraba 250, lakini kina chake ni kifupi, kwa wastani mita 2 na nusu hivi. Maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mimea midogo sana inayoelea ndani, na hiyo ndiyo inayomlisha ngege. Kwa hiyo samaki wapo. Lakini ziwa dogo na fupi huchoka haraka watu wakizidi. Ndiyo maana tangu zamani idadi ya mitumbwi yenye leseni katika vijiji hivi imewekewa kikomo. Mgeni hafiki leo akashusha mtumbwi wake kesho. Mara nyingi ataanza kama kibarua katika mtumbwi wa mwingine, na atalipwa kwa fungu la samaki waliopatikana usiku ule. Wakipatikana wengi, mnakula vizuri. Wasipopatikana, mnalala hivyo hivyo. Nyavu za macho madogo nazo ni marufuku, na doria kwenye maziwa ya Uganda zimekuwa kali. Mwaka 2017 hata jeshi liliwekwa kusimamia uvuvi katika maziwa ya nchi.

Je, maana yake Kahendero ni mahali pabaya? Hapana. Watu wanaishi huko, wanazaa, wanasomesha. Kwa mtu anayejua maji, aliyekulia Vitshumbi, Kyavinyonge au kando ya Ziwa Albert, ni mahali anapojua kusoma upepo na wavu. Mama anayejua kukausha na kuuza samaki anaweza kupata mtaji kule kuliko hapa. Tunachosema ni kwamba ukimya wa Kahendero una masharti. Anayekwenda kwa ajili ya ukimya tu, bila kujua atafanya nini majini au sokoni, atakaa kimya huku ana njaa.

KASESE: MJI ULIOLETWA NA TRENI

Sasa tupande mjini. Kasese ni mji wenye historia, na historia yenyewe si ya mbali. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Ililetwa na shaba. Kule juu milimani, Kilembe, mgodi ulifunguliwa miaka hiyo hiyo, na shaba ikapakiwa kwenye mabehewa kwenda kuyeyushwa Jinja, ambako bwawa la umeme la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954. Maelfu ya wafanyakazi walikuja kutoka kila upande. Kampuni ikajenga nyumba, shule, hospitali. Mtu akiwa na kazi Kilembe, kwao alikuwa anaheshimiwa.

Halafu nini kilitokea? Miaka ya 1970, wakati wa Amin, uchumi uliharibika, vipuri vikakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umesimama. Treni ya abiria ikafuata, nayo ikakoma miaka ya 1990. Mwaka 2013 kampuni ya Kichina ilikabidhiwa mgodi ili kuufufua, na mwaka 2017 serikali ikavunja mkataba. Watoto wa waliokuja kwa shaba wamekuwa wazee wakisubiri shaba irudi.

Tunaisimulia historia hii kwa sababu ina somo kwetu. Kazi iliyowaleta watu Kasese ilikwisha, lakini mji haukufa. Kwa nini? Kwa sababu wengi hawakutegemea kitu kimoja. Kuna pamba na chama cha ushirika cha Nyakatonzi. Kuna mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku. Kuna kiwanda cha saruji cha Hima. Kuna watalii wanaopanda Rwenzori na wanaoshuka hifadhini. Kuna biashara ya Kongo. Na kuna bodaboda, mama wa chapati, fundi cherehani, saluni, fundi simu. Mji unampa mtu njia nyingi ndogo. Ukikosa kibarua cha kujenga leo, kesho unabeba mizigo sokoni.

Lakini mji nao una bili zake. Kahendero hutalima, Kasese pia hutalima, na zaidi ya hapo utalipa kodi ya chumba kila mwezi. Maji unanunua. Mkaa unanunua. Mwenye nyumba hasikilizi habari za msaada kuchelewa. Hapa kambini mtu anaweza kukaa wiki nzima bila kushika shilingi akaishi kwa majirani. Mjini, siku isiyo na shilingi ni siku ndefu.

Na kuna jambo la mto. Mto Nyamwamba unatoka Rwenzori, unapita Kilembe, unaingia Kasese. Tarehe 1 Mei 2013 ulifurika ukabeba nyumba na watu. Mei 2014 tena. Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya ilifurika kwa pamoja, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya, na maelfu ya watu wakapoteza makao. Baadhi yao waliishi miaka kadhaa kwenye mahema huko Muhokya, pale pale unapopita kwenda Kahendero. Tufikirie hilo kidogo: wenye mji, wenye vitambulisho vya taifa, nao walikaa kwenye mahema kama sisi. Kwa hiyo ukipata chumba cha bei rahisi sana Kasese, kabla ya kushukuru uliza kwa nini ni rahisi. Mara nyingi jibu ni mto.

Historia ya mji pia ina damu. Novemba 2016 kulitokea mapambano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu, na watu zaidi ya 100 wakafa mjini Kasese na kwingineko wilayani. Siasa za ufalme, za ardhi kati ya wakulima Wakonzo na wafugaji Wasongora, ni mambo ya wenyeji yenye mizizi mirefu. Mgeni mwenye busara anasalimia wote, anajiandikisha kwa mwenyekiti wa LC, na hapandi jukwaani.

KIJIJI NA MJI HAVIKO MBALI KAMA TUNAVYODHANI

Wengi tunafikiri kijiji ni dunia yake na mji ni dunia yake. Kumbe hapa mto unaviunganisha. Mabaki ya mgodi wa Kilembe yaliachwa yamelundikana, mvua ikayaosha miaka na miaka, na maji yakateremka kuelekea Ziwa George, ambalo mwaka 1988 lilikuwa la kwanza nchini Uganda kuandikwa chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu ya dunia. Kwa hiyo uchafu wa mji unaweza kufika kwenye maji ya kijiji.

Na upande wa pili, samaki wa Kahendero hana bei bila mji. Soko lake ni Kasese na barabara kuu. Siku barabara ikiwa mbaya, samaki anaozea kijijini. Mvuvi anategemea mji, na mama wa mjini anategemea mvuvi. Hii inafungua njia ambayo watu wengi hawaifikirii: si lazima familia yote iwe mvuvi au yote iwe ya mjini. Mtu anaweza kukaa Kasese na kuuza samaki wa ziwani, akaenda kuchukua mzigo asubuhi na kurudi. Huyo ameshika kamba mbili. Lakini tahadhari: kugawanya familia kuna gharama yake, tutalisema chini.

BWERA: KARIBU NA NYUMBANI, KARIBU MNO

Wapo wanaosema, "Kwa nini tusikae Bwera? Pale tunasikilizana." Ni kweli. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa ukoo mmoja waliokatwa na mpaka, na Lukonzo na Kinande ni lugha moja. Mtu wa Beni au Butembo akifika Bwera hahitaji mkalimani. Soko la Mpondwe linajaa watu wa pande mbili, Kiswahili kinapita kila mahali, na biashara ni kubwa. Mwaka 2021 Uganda na Kongo zilianza kushirikiana kutengeneza barabara ya Kasindi, Beni na Butembo, kwa hiyo njia ya biashara inapanuka.

Lakini mkimbizi amekimbia nini? Kama uliyemkimbia anaweza kuvuka mto kwa miguu, bado hujafika. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Mpondwe pia ilishambuliwa Novemba 1996. Na mwaka 2019, mwezi wa Juni, Ebola ilivuka kutoka Kongo na wagonjwa wakatengwa katika hospitali ya Bwera.

Si bure kwamba mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) juu ya wakimbizi, ule wa mwaka 1969, unasema nchi inayopokea iwaweke wakimbizi umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi yao, kwa ajili ya usalama. Wengine hukasirika wakipakiwa kwenye mabasi kutoka mpakani kupelekwa Rwamwanja, Kyaka II, Kyangwali au Nakivale. Wanasema, "Mnatupeleka mbali na kwetu." Sababu ndiyo hiyo. Anayetaka kukaa Bwera kwa sababu ya biashara, apime faida ya soko na usingizi wa watoto.

SHERIA INASEMA NINI

Uganda ina sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za 2010. Sheria inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi na haki ya kufanya kazi, kwa masharti yaliyowekwa. Haya ni mengi kuliko nchi nyingi zinavyotoa. Lakini kuna mambo matatu ya kukumbuka.

La kwanza, wilaya ya Kasese haina makazi ya wakimbizi. Ukikaa huko, unakaa kwa nguvu zako. Msaada wa chakula, pale ulipo, uko ndani ya makazi yaliyopangwa. Ukikosekana kwenye uhakiki, jina lako linaweza kuzimwa, na kuliwasha tena ni safari ndefu.

La pili, kipande cha ardhi ulichopewa hapa ni cha kutumia, si cha kuuza. Wapo wanaouza kinyemela ili wapate nauli. Ukiuza umevunja sheria, na ukirudi huna pa kushika.

La tatu, kabla ya kuondoka nendeni ofisi ya serikali inayotusimamia, ile tunayoiita OPM, muulize kwa mdomo wenu. Msichukue habari za njiani. Muulize kuhusu barua ya safari, kuhusu kadi ya familia, kuhusu mgonjwa anayetumia dawa za kila mwezi, na kuhusu kesi ya wale wanaosubiri kupelekwa nchi ya tatu. Mtu aliye kwenye mpango huo akihama bila taarifa anaweza kupotezwa kwenye orodha siku ile ile anapoitwa.

NJIA YA KUPIMA

Ushauri wetu ni huu. Msipime mahali kwa ukimya wake wala kwa jina lake. Pimeni kwa swali moja: kile kitakachotulisha kikikatika, tutashika nini? Kahendero, wavu ukitoka mtupu mwezi mzima, mtashika nini? Kasese, kibarua kikiisha, mtalipa chumba kwa nini? Hapa kambini, posho ikikatwa yote, mna nini? Mahali penye jibu la pili na la tatu ni pazuri kuliko mahali penye jibu moja tamu.

Mahali palipo na jina kubwa pia hupungukiwa. Tazameni Katwe, si mbali na huko. Chumvi yake ilijulikana kabla ya wakoloni, ikavuka hadi Kongo, na mwaka 1891 Lugard alijenga ngome pale kwa sababu hiyo. Baadaye kiwanda kikubwa cha chumvi kikajengwa, mabomba yakaliwa na chumvi hiyo hiyo, kiwanda kikasimama. Mpaka leo watu wanachota chumvi kwa mikono wakiwa wamesimama ndani ya maji makali. Historia ya mahali haipikwi ikaliwa.

Baada ya swali hilo, fanyeni hatua hizi:

1. Atangulie mtu mmoja au wawili, si familia nzima. Akae angalau wiki tatu. Siku ya kwanza kila mahali ni pazuri.

2. Aende msimu mbaya. Kasese mkaione wakati wa mvua za Aprili na Mei, mto ukiwa umejaa. Ziwani mkaone wakati samaki ni haba. Mahali ukipaona katika ubaya wake, hapatakushtua.

3. Aende na mwanamke. Baba huuliza kazi. Mama huuliza maji, kuni, choo, na wasichana watapita wapi jioni. Vijiji vya ziwa na vya mpaka wilayani Kasese vimewahi kupata kipindupindu, kwa hiyo swali la choo na maji si dogo.

4. Aione shule kwa macho. Elimu ya msingi ya serikali haina ada tangu 1997, lakini sare, daftari na chakula cha mchana vinalipiwa. Ahesabu watoto darasani, apime umbali, aulize sekondari iko wapi. Kijana wa ziwani huvutwa na mtumbwi mapema kwa sababu jioni hurudi na pesa mkononi. Wazazi walijue hilo.

5. Aione hospitali. Bwera kuna hospitali ya serikali, Kagando kuna ya kanisa, na mjini Kasese kuna kituo cha afya cha St. Paul. Kutoka Kahendero, mama akishikwa na uchungu saa 8 usiku, nani ana pikipiki, na nauli ni kiasi gani? Jibu liwe la mtu aliyewahi kusafiri usiku huo.

6. Wekeni akiba ya kurudi. Nauli ya watu wote, ifungwe, isiguswe. Kama haipo, safari bado haijaiva.

NYUMBA IAMUE PAMOJA

Neno la mwisho ni la ndani ya nyumba. Mara nyingi baba anaamua peke yake, halafu anatangaza. Mama ananyamaza, lakini moyoni amekataa. Kijana anafuata, kisha baada ya mwezi anatoroka kwenda Kampala. Bibi anaachwa na majirani. Kuhama kwa namna hiyo kumevunja nyumba nyingi kuliko njaa yenyewe.

Kaeni chini, kila mtu aseme. Kijana anayetaka mji msimwite mkaidi. Muulizeni ana ufundi gani wa kuuza mjini. Kama hana, labda mwaka mmoja wa kujifunza cherehani, useremala au umeme wa jua hapa kambini utamsaidia zaidi kuliko chumba Kasese. Baba anayetaka ukimya msimwite mvivu; pengine amechoka na aliyoyaona, na anahitaji kupumzika zaidi ya anavyoweza kueleza. Mama anayeogopa kuhama hata kidogo msimwite mwoga. Yeye ndiye anayehesabu vikombe vya unga.

Na kama mtagawanyika, wengine wabaki na wengine watoke, semeni wazi: kwa muda gani, nani atashika kadi, nani atatuma pesa na siku gani, na watoto wataonana na mzazi wao lini. Simu ya pesa imerahisisha kutuma, lakini baba wa kwenye simu si baba wa mezani. Familia zikae mbalimbali kwa mpango na kwa tarehe, si kwa mazoea.

Inawezekana mkimaliza kupima, jibu litakuwa Kahendero, kwa sababu mnajua maji na kuna ndugu mwenye mtumbwi wa leseni. Inawezekana litakuwa Kasese, kwa sababu mama ana cherehani na kijana anajua simu. Inawezekana litakuwa kubaki hapa msimu mmoja zaidi, mkipanua bustani na kuweka akiba. Yote matatu ni majibu ya watu wenye akili, mradi yametoka kwa watu wote wa nyumba.

Kwa wale waliokwisha kuishi Kahendero, Kasese au Bwera wakarudi, tunaomba mtuletee habari zenu katika ofisi ya jarida au kwa kiongozi wa kijiji chako. Bei za vyumba, nauli, hali ya shule, msimu wa samaki. Habari moja ya kweli inaweza kuokoa nauli ya jirani yako. Tukutane mwezi ujao.